Wanasema Shule Yetu Imetambuliwa

Ijumaa, mwezi wa tatu, 2008. Kabiro, Kawangware.

Mawingu yamekaa juu ya mabati tangu asubuhi. Hayanyeshi na hayaondoki. Na mimi ndivyo nilivyo. Nimerudi kutoka Kibera, nimeketi, nyayo zinawaka moto, na sijui kama nilikotoka ni arusini ama matangani.

Kalamu sikuwahi kushika maishani mwangu. Mimi husema, binti yangu Mueni anaandika, kisha anaenda kuyaweka kwa kompyuta pale anapofanya kazi. Leo nimemwambia asininyooshee kitu. Kama nimesema kitu kimepinda, akiache kimepinda.

Nianze na neno lenyewe, maana neno ndilo lilituvuruga.

Jumatatu Mueni aliingia na ujumbe kwa simu. Ulitoka kwa mwalimu mkuu wa shule ya Mwikali kule Kibera, yule ambaye sote tunamwita Madam. Mwikali ni mjukuu wangu, mimi ananiita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, na yuko darasa la tatu. Ama niseme alikuwa, kwa sababu tangu tuhamie huku Kawangware hajaingia darasa lolote. Mimi nilikuwa nasuka kiondo. Mueni akasoma: shule yetu imetambuliwa, Ijumaa kuna sherehe, tafadhali Susu aje na Mwikali.

Nikauliza, "Imepatikana wapi?"

Mueni akanitazama kama mtu aliyemeza mfupa.

Nyinyi mnaosoma mkiwa mbali pengine mtacheka. Chekeni tu. Lakini kwetu, tangu mwezi wa kwanza, hilo neno lina kazi moja. Mtu anapotea. Mnamtafuta kwa polisi, mnamtafuta hospitali, mnaulizana kwa simu mpaka simu inazima. Halafu mnaitwa mkamtambue. Kijana wangu Musyoka, baba yake Mwikali, alitoka Kibera wakati wa zile fujo za uchaguzi kuja kututafutia nyumba upande huu. Hakufika. Nilienda mochari mimi mwenyewe. Mtu wa pale, mwenye gambuti, akavuta shuka akaniuliza, "Mama, unamtambua?" Nikamwambia namtambua. Nilimtambua kabla hajazaliwa, alivyokuwa akinipiga teke. Ni swali gani hilo la kumwuliza mama?

Nyumbani tukasema, "Ametambuliwa." Lile neno lingine hatukulisema, kwa sababu ya mtoto. Tulidhani tunamficha.

Kumbe tulikuwa tunamfundisha.

Kwa hivyo Jumatatu hiyo, kabla Mueni hajanijibu, sauti ndogo ilitoka nyuma ya pazia, kitandani. "Susu, hata shule imekufa?"

Mueni akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alishtuka tu na kicheko kikamtoka. Mimi sikucheka, kwa sababu na mimi nilikuwa nimefika hapo hapo. Nilishaiona shule imelala chini, imefunikwa shuka.

Mueni akaeleza. Akasema kutambuliwa ni kusifiwa. Kuna watu wa elimu na watu wa afya walizunguka shule za serikali wakaangalia ni zipi zinatunza watoto vizuri, na sasa yetu inapewa ngao. "Ni kama kupewa hongera, mama."

"Basi si waseme hongera! Wanatafuta nini kwa hilo neno la mochari?"

Lakini mtoto alikuwa ameshajifunika kichwa. Hiyo siku hakula. Kusema kweli siku nyingi hali. Uji ndio hataki kabisa, hata ukitiwa sukari. Kitanda anakilowesha, msichana mkubwa wa darasa la tatu, na asubuhi anakunja blanketi lenyewe na aibu yake anaviweka chini ya meza, anadhani sijui. Najua. Nafua, nanyamaza. Mueni alimpatia nafasi shule ya huku Kawangware, hata mwalimu amesema Jumatatu inayokuja aletwe. Mtoto hasemi ndiyo, hasemi la. Anatazama ukuta.

Na huyo ndiye alikuwa kiongozi wa kilabu cha afya cha shule! Huyo ndiye alikuwa anasimama mbele ya paredi kuonyesha wenzake jinsi ya kunawa: katikati ya vidole, nyuma ya kiganja, chini ya kucha. Akirudi nyumbani ananinawisha kwa nguvu. Kwamba Susu kucha zako zina shamba. Sasa mimi nijiulize: hiyo afya inayopewa ngao ni ipi?

Sitaki kudanganya mtu. Vyoo vya shule ile ni visafi kuliko choo chochote ambacho nimewahi kuchutama Kibera. Jerikeni za maji zimepangwa, sabuni imefungwa kwa kamba isiibwe, uji unapikwa kila asubuhi. Na zile siku mbaya Madam alifungua geti. Tulilala darasani, sisi na watu tuliokuwa tunawakimbia, mstari mmoja, watoto wakichanganyika kama maharagwe. Kwa hivyo kama ni hongera, apewe. Apewe mbili.

Lakini Mueni akaniambia kitu kingine. Hao watu wa elimu na afya walikagua shule mwaka jana, kabla ya uchaguzi.

Kwa hivyo wanasifu shule ya mwaka jana. Yenye watoto wa mwaka jana. Baba zao wakiwa hai.

Nilikuwa nimeapa kutokanyaga Kibera tena. Niliishi kule, upande wa kuelekea Ayany, mpaka mabati ya nyumba yangu yakanizoea. Halafu baada ya kura wanasiasa wetu wa Ukambani wakaingia serikalini, na mimi nikaambiwa tumesaliti. Nimesaliti nani? Nilikuwa napika muthokoi. Mahindi yalikuwa bado jikoni nikitoka.

Lakini nilifikiria yule mtoto na shule yake iliyokufa. Nikisema hatuendi, ndiyo nimeizika. Na mtoto akishaona shule inakufa, utampeleka nyingine na maneno gani? Nikasema twende, aione ikipumua. Akishaiona, Jumatatu aende ya huku Kawangware kwa amani. Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga.

Basi leo tukaenda, kwa miguu, mimi na yeye. Hakushika mkono wangu. Alishika ncha ya leso yangu. Tulipoingia Kibera nikaona nyumba zilizoungua, na katikati ya weusi ule mabati mapya yanang'aa kama meno ya kununua. Vijana fulani walikuwa wanachoma mahindi pale njiani. Mmoja akanifahamu.

"Niaje shosh! Umerudi? Tulidhani mlienda Ukambani kabisa."

"Mlidhani ama mliomba?"

Wakacheka. Akanivunjia hindi akanipa. "Umgawie mtoto pia, amekonda." Nilipokea. Nililitafuna mpaka nikafika getini, na njiani kote nilikuwa nauliza moyo wangu kama hilo hindi lina tatizo. Lilikuwa tamu tu.

Getini Mwikali akasimama. Akaiangalia shule. Watoto walikuwa wanakimbia, kengele ikalia, mtoto mmoja akapigwa na mpira usoni akaanza kulia. Mwikali akavuta leso yangu. Akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Susu, inapiga kelele."

"Inapiga."

Akaingia.

Madam alinikumbatia mpaka skafu ikanitoka kichwani. Walikuwa wamejenga hema na kupanga viti, na mbele kuna meza yenye kitambaa na ngao yenyewe, ya mbao, inang'aa. Nilikuwa naelekea kutafuta kiti nikasikia mtu ananiita kutoka jikoni.

"Mama Musyoka!"

Huku Kabiro hakuna anayeniita hivyo tena. Wote wananiita shosh, hata wazee wenzangu, wanaogopa kulitaja jina la marehemu. Leo limetajwa kwa sauti, mchana, kama kwamba Musyoka yuko nyuma yangu anakuja na gunia la mkaa. Nilikasirika na nikafurahi, vyote pamoja. Sijui bado kipi kilitangulia.

Aliyeniita ni Mama Achieng. Ndiye anayepikia shule uji. Ndiye aliyekuwa jirani yangu, mabati yetu ni mamoja, akipiga chafya mimi nasema pole. Binti yake Achieng na Mwikali ni darasa moja, walikuwa wanachana nywele pamoja mlangoni kwangu.

Na ni mlango wake niligonga ile jioni.

Lazima nieleze hili. Ile jioni kelele zilipokaribia, nilishika mtoto nikagonga kwa Mama Achieng. Sikugonga kwa adabu. Nilimwita kwa jina lake. Nikasikia ndani komeo likisogea. Chuma kwa chuma, krrr. Lakini mlango haukufunguka. Sikungoja. Nilikimbia na mtoto mpaka shuleni. Tangu siku hiyo nikilala nalisikia lile komeo na sijui lilikuwa linafunguliwa ama linakazwa.

Huyo ndiye leo alikuja kwangu na mwiko mkononi. "Umekonda, Mama Musyoka. Umekuwa kama huu mwiko."

"Na wewe umenona kwa uji wa watoto wa watu."

Akacheka. Nikacheka. Halafu tukaishiwa. Watu wawili ambao walikuwa wanazungumza kupitia ukuta, leo hakuna ukuta na hakuna maneno.

Sherehe ikaanza. Mgeni mkubwa, kijana mwenye tai, akaongea. Alikuwa na moyo mzuri, nilimwona, alikuwa anatoka jasho. Akasema leo tunaitambua shule hii. Akasema wizara imetambua juhudi. Akasema ni muhimu kutambuliwa. Kila akilitaja neno, leso yangu inavutwa. Nikaangalia kama ni sisi peke yetu. Mzee mmoja mbele yangu alivua kofia yake polepole, akaishika kifuani. Mama wa pembeni akatazama chini. Sidhani walijua wanafanya nini. Nilitaka kusimama nimwambie yule kijana, mwanangu, badilisha neno, hapa umekaa na watu waliotoka kutambua. Lakini angenielewa? Yeye amesoma hilo neno kwa kitabu. Sisi tulilisoma kwingine.

Halafu ikafika sehemu ya kilabu cha afya. Wanaonyesha kunawa, wawili wawili. Mmoja anamwagia mwenzake maji kwa jagi, kisha wanabadilishana. Madam akasema, "Na sasa kiongozi wetu, Mwikali."

Mwikali hakusimama.

Watu wakageuka. Nikafikiria kumsukuma, nikafikiria kumbeba tutoke. Madam hakumwita tena. Alisimama tu pale na tabasamu lake, akangoja, wageni wakaanza kuangalia saa zao. Mimi nikasema moyoni: umefanya nini, wewe mwanamke mzee? Umemleta mtoto kuaibishwa mbele ya watu wenye tai.

Yule Achieng mdogo akachukua jagi na kipande cha sabuni. Akaiacha ile meza ya mbele, akapita katikati ya viti, maji yanamwagikia wageni kwenye viatu, akaja mpaka tulipokuwa tumeketi. Akainamisha jagi. Ilibidi Mwikali aweke mikono, la sivyo maji yangelowesha gauni lake. Akaiweka. Na mikono ikakumbuka. Katikati ya vidole. Nyuma ya kiganja. Chini ya kucha. Alipomaliza akachukua lile jagi, akanigeukia mimi, akasema kama zamani, "Susu, lete."

Nikaleta. Nilikuwa na chembe za mahindi kwenye vidole. Akanisugua mbele ya serikali nzima.

Wageni wakapiga makofi. Walidhani ndivyo ilivyopangwa! Mmoja akapiga picha. Mahali fulani Nairobi hii kuna picha yangu nimejaa povu, mdomo wazi, na chini wataandika afya.

Mimi makofi yale yalinichanganya. Nilifurahi, nisiseme uongo. Lakini nilikuwa nikiangalia mikono ya watu wote pale. Misafi. Hata wakubwa waliogombania kura juzi tumewaona kwa televisheni wakipeana mikono, misafi. Kibera nzima imenawa. Na mimi ni mtu wa kanisa: najua kwamba hata Pilato alinawa, mbele ya watu, kwa maji safi. Na yeye angepewa ngao.

Baada ya hapo watoto wakapewa uji. Vikombe vyao vinaning'inia kwenye misumari nyuma ya jikoni, kila kimoja kimekwaruzwa jina. Mama Achieng akatoa cha Mwikali. Hakikuwa na vumbi.

"Ulikuwa unakiosha?" nikamwuliza.

"Vinaoshwa vyote. Kikiachwa mende wanakigeuza chumba."

Angeweza kusema nilikuwa namngoja mtoto wako. Akajaza kikombe. Na Mwikali, ambaye mimi nimembembeleza kwa sukari, kwa maziwa, kwa kiboko, akakaa chini kwenye vumbi na Achieng akanywa. Akaomba tena. Nilisimama pale nikiangalia koo lake likipanda na kushuka. Hicho ndicho nilikuja kuona, Mungu wangu. Na mwenye kuupika uji ni yule wa komeo.

Nikashindwa kunyamaza. Mimi si mtu wa kunyamaza. Nikamwambia, "Mama Achieng, ile jioni nilisikia komeo."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Ulikuwa unafungua, ama ulikuwa unakaza?"

Hakuniuliza jioni gani. Alitazama uji muda mrefu, mpaka ukaanza kushika chini, nikausikia unanuka. Halafu akasema, "Mama Musyoka, mkono wangu ulikuwa kwa komeo. Nakuapia ulikuwa pale. Ulikuwa unafanya nini, hata mimi sijui."

Mnataka ukweli wangu? Nilitaka anidanganye. Angesema nilikuwa nafungua, ningemwamini, ningemkumbatia, ningerudi nyumbani nikiwa mwepesi. Angesema nilikuwa nakaza, ningemtemea mate na mambo yaishe. Sasa amenipa kitu ambacho siwezi kukibeba wala kukitupa. Nikachukua kijiti nikapunguza moto wake, kwa sababu uji ulikuwa unaungua na watoto walikuwa bado kwenye foleni. Nikaondoka bila kuaga.

Njiani Mwikali alikuwa mbele yangu. Hakushika leso. Tulipofika barabara ya lami akageuka akaniambia, "Susu, haijakufa."

"Si nilikwambia."

"Hukuniambia. Hata wewe ulidhani imekufa."

Mtoto wa darasa la tatu!

Nilidhani mambo yameisha hapo. Hesabu yangu imetoka sawasawa, ameiona, Jumatatu anaenda shule ya huku. Tumefika nyumbani nikalaza mgongo kidogo. Nilipoamka nikasikia maji nje. Kutoka, nampata Mwikali amepiga magoti mbele ya karai, anafua sare. Sare ya Kibera, ile ya kijani. Tangu tuhame ilikuwa chini kabisa ya mfuko, sikujua hata kama anajua iliko.

Nikamwambia, "Hiyo si ya shule ya Jumatatu."

Akasema, "Ni ya Jumatatu. Jumatatu ni zamu yangu ya jagi."

Nikamwuliza nani kasema. Akasema Achieng. Nikamwambia Kibera ni mbali, kila siku kwenda na kurudi, na sisi hatutarudi kuishi kule. Akasema, "Mimi sitaki kuishi kule. Nataka kwenda zamu." Akaendelea kusugua kola, kwa sabuni yangu yote.

Mueni anasema huo ni ujinga, nafasi ya huku ikipotea haitapatikana tena. Ana haki. Anasema na nani atampeleka, na pakichafuka tena je? Anauliza kama nimewasamehe watu wa kule. Kuna hindi nililokula likawa tamu, na kuna mwanangu aliye chini ya udongo, na vyote viwili nimevipata kwenye njia moja. Anayeweza kunipangia hivyo vikae mahali pamoja, aje, nitampikia.

Lakini mtoto ambaye ana zamu ni mtoto anayepanga kuamka. Miezi hii yote sijamsikia akitaja siku ambayo haijafika. Leo ametaja Jumatatu.

Kwa hivyo nitampeleka, na nitamfikisha mpaka kwenye jagi. Jikoni nitapita. Nitasalimia ama sitasalimia?

Sijui. Nitakapofika mdomo wangu utaamua wenyewe, kama kawaida yake.